Yaya Léon alisema ni nyoka wa bure

Watu wa avenyu yetu hapa Alunguli wakitaka kunionyesha kwa mugeni hawasemi Germaine. Wanasema: ule mama pale, mudogo wa Léon wa nyoka. Sikuichagua hiyo. Nilizaliwa nyuma ya Léon, yeye ni yaya, kaka yangu mukubwa, tukanyonya titi moja, na sasa jina lake linanifuata mpaka sokoni, mpaka kanisani. Wengine wanasema yeye ni mulozi. Wengine wanasema alitumwa na Mungu. Wote wanapiga domo wakiwa wameketi kwao, hawamujui. Basi acha niseme mimi.

Léon hakuzaliwa na akili ya nyoka. Alikuwa fundi wa baiskeli, tena muoga. Mujusi akipita ukutani, yeye anapanda juu ya kiti, muntu mwenye ndevu zake, na bibi yake Bibiche anacheka mpaka anaketi chini. Bibiche alikuwa mwanamuke wa kicheko. Kusema kweli, mwanzoni hakunipendeza, niliona anacheka bila kazi. Baadaye nilimupenda kuliko dada zangu wa tumbo moja, na mpaka leo sijapata muntu wa kucheka naye namna ile.

Mwaka wa elfu mbili na mbili Kindu, muji wetu, ilifungwa. Wenye bunduki wa mujini walikuwa ndani, wenye bunduki wa pori walikuwa wametuzunguka, na mashamba yetu yalikuwa kule kwao. Ukitoka, hawa wanasema unapeleka habari. Ukirudi, hawa wanasema umeleta habari. Wanawake walitoka kutafuta sombe, majani ya muhogo, na hawakurudi, ao walirudi na hawakutaka kusema walikuta nini. Tulichimba mizizi ya mapapai, tukapika, tukala, tukalala nayo tumboni. Bibiche alisema yeye hatakufa na njaa akiwa ameketi, akawa anatoka alfajiri kwenda mashamba yaliyoachwa. Siku ya tatu Léon aliona haya kubaki nyumbani, akamufuata na panga.

Ile siku njo nyoka alimuuma Bibiche kwa kisigino. Léon, muoga wangu huyo, alimuua yule nyoka na panga. Kisha akafanya kama kila muntu wa kwetu anavyofanya. Kwetu ukiua nyoka unakata kichwa, unakichoma moto mpaka kigeuke majivu, kwa sababu jino likibaki katika udongo, muntu akilikanyaga hata mwaka ujao, ni sawa ameumwa na nyoka muzima. Baba alifanya hivyo, babu alifanya hivyo. Basi bibi yake ameketi chini anashika muguu, na yeye anatafuta majani makavu ya kuwasha moto. Alihakikisha kichwa kimeisha. Halafu akamubeba Bibiche mugongoni, na ule mwili bila kichwa akautia katika kikapu cha sombe, juu ya majani.

Mimi nilikuwa kwenye kituo cha afya walipofika. Muganga alikuwa Jérôme, kijana bado, wakubwa wake wote walikuwa wamekimbia. Alikuwa na chupa moja ya serumu ya nyoka, moja tu kwa watu wote waliofungiwa na sisi. Alimuuliza Léon:

"Ni nyoka gani? Kama ni wa kuua, ninaifungua sasa hivi. Kama ni nyoka wa bure, ninaiweka, kwa sababu kesho wataniletea mwengine."

Léon akamwaga kikapu. Mwili ulikuwa na rangi ya udongo, na rangi ya udongo ni ya nyoka ishirini. Jérôme akauliza kichwa kiko wapi, kwa sababu angeona meno, na meno yangemwambia. Léon akasema alikichoma.

Jérôme hakugombeza. Alibandika jiwe nyeusi kwenye kidonda, lile la kunyonya sumu, akasema tungoje dalili. Tukangoja. Bibiche alilala kwenye meza anamuangalia bwana yake, na kila mara anauliza, polepole, "Léon, ni nyoka gani? Si uniambie." Yeye alitazama ukuta, alitazama mikono yake. Bibiche hakuacha kumuangalia usoni, anatafuta jibu pale. Dalili zilipokuja, zilikuja zote pamoja. Jérôme akavunja chupa, akapiga sindano, lakini saa ilikuwa imepita, na kabla ya muchana kati alikuwa amekufa. Mbao hazikupatikana popote. Tuling'oa mulango wa nyumba yao, tukamulaza juu yake, tukamuzika.

Tangu ile siku Léon akawa muntu mwengine. Penye kelele ya nyoka, watu wanakimbilia huku, yeye anakimbilia kule. Aliuliza wawindaji, aliuliza wavuvi, Jérôme akamupa kitabu cha kifaransa kilichokosa jalada, akakisoma mpaka kikatawanyika. Alianza kuweka vichwa vya nyoka katika chupa za lutuku. Fikiria, njaa namna ile, watu wanatafuta lutuku ya kunywa wasahau, yeye anawanywesha nyoka. Alijifunza kufungua kinywa cha nyoka na vijiti viwili. Akaniambia hata mimi, ingawa sikumuuliza: kuna meno marefu ya kukunja, huyo anaua. Kuna meno mafupi yamesimama mbele kabisa, huyo anaua pia, tena bila kuvimbisha. Kuna wenye meno madogo tu, sawasawa kinywa kizima, na hao njo aliwaita kwa neno la Jérôme, nyoka wa bure.

Na aligombana na watu. Akikuta muntu anawasha moto wa kuchoma kichwa, anasimama juu ya kuni na miguu yake. Watu wakamuchukia. Kanisani wakamuondoa katika kwaya, eti muntu mwenye nyoka nyumbani hawezi kumusifu Mungu. Nilimutafutia wanawake wawili, wazuri, wa kazi, wa kwanza aliona chupa kwenye dirisha akarudi kwao bila hata kunywa maji, na wa pili alisikia habari hiyo hakuja kabisa. Nilimugombeza yaya siku ile mpaka sauti ikanikauka. Aliniitikia tu, akaendelea kuziba tairi.

Lakini polepole watu wakamuzoea, juu walimuhitaji. Kakule, yule mufanyabiashara aliyetoka Butembo, alikuta nyoka chini ya magunia ya muchele, akafunga duka siku tatu, akalala kwa shemeji yake. Léon akaingia, akatoka na nyoka mukononi, akasema huyu anakula mayai tu, wa bure. Avenyu nzima ilimucheka Kakule mwezi muzima. Nimeona muntu ameumwa, amelala, anagawanya vitu vyake kwa watoto, na Léon akifungua kinywa cha nyoka na kusema "wa bure", yule muntu anaketi na kuuliza kama kuna chakula. Neno lake lilikuwa na nguvu hiyo. Sikumbuki hata siku moja ambapo alilisema na halikuwa kweli.

Kitu kingine alifanya: kila Jumatatu alivuka muto na mutumbwi, kwenda hospitali ya ng'ambo, mahali Jérôme alihamishiwa, kumuuliza kama serumu iko. Vita iliisha, marais wakabadilika, Jérôme akaota mvi, na yaya bado anavuka. Mara ingine chupa zilikuwa mbili. Mara ingine moja. Mara nyingi zilikuwa zimekwisha na watu wanangoja ndege.

Sasa nifike kwa Elodie. Ninachelewa, ninajua.

Elodie alikuwa kitinda mimba wangu. Nilimuzaa na miaka makumi tatu na sita, nilipokuwa nimekwisha kugawa nguo za watoto. Baba yake, Abdoul, anachimba madini huko Kalima, anarudi akipata na asipopata anapiga simu. Kwa hiyo Elodie alikulia kwa mujomba wake kama vile kwangu. Alijua kuziba tairi kabla ya kujua kupika wali, na nilimulaumu Léon kwa hilo. Alikuwa na miaka kumi na mbili, miguu mirefu, mudomo haufungi. Léon alimupenda. Aliponiona nikimugombeza alikuwa anageuka kando, hataki kusikia.

Mvua ya mwaka jana muto ulipanda namna hatujaona. Maji yaliingia mashambani, yakapita michungwa, yakafika nyuma ya jikoni yangu, yakasimama pale wiki mbili. Yalileta kandambili, yalileta sufuria za watu, samaki walikuwa wanapita katika majani. Siku moja, saa nane za muchana, nilikuwa ninapika, nikamutuma Elodie alete kuni kutoka kwenye rundo la nyuma. Nikasikia anaita. Hakulia, aliita tu, "Mama, kamba!" Kwetu ukiona nyoka karibu hutaji jina lake.

Nilishika muchi wa kinu nikamupiga nyoka kwenye mugongo, si kwenye kichwa, kwa sababu ya sheria ya Léon. Alikuwa mrefu, munene, rangi ya manjano yenye uchafu, na pete nyeusi zimezunguka mwili wake tangu shingo. Majirani wakaja, wakatazama, hakuna aliyemujua. Kwenye kifundo cha muguu wa Elodie kulikuwa na vitone viwili vidogo. Havikuvimba. Alisema inauma kidogo tu. Nikamuketisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikatuma muntu amuite yaya.

Alikuja anakimbia. Alimutazama nyoka, akasema, "Huyu simujui." Miaka makumi mbili na zaidi sijasikia Léon akisema neno hilo. Akakata vijiti viwili, akamuchukua nyoka, akaenda kuchuchumaa chini ya upenu, ametugeuzia mugongo. Alikaa pale. Niliita mara moja, niliita mara ya pili. Kisha akasimama, akanawa mikono, akanawa tena. Alirudi akapiga goti mbele ya Elodie, akamutazama yeye, si mimi.

"Ni wa bure," alisema.

Nikamwambia: si ulisema humujui? Akasema hajui jina lake, lakini meno yake anayajua, na ni wa bure. Akatabasamu. Akabandika jiwe nyeusi kwenye muguu, ati ili roho yangu itulie. Majirani wakacheka, wakarudi kwao.

Ninajua namna nilivyo. Hofu ikinitoka, inatoka kwa kinywa. Nilimugombeza Elodie kwa kutia muguu mahali hajaangalia. Nilimugombeza kwa sombe iliyoungua. Nikamwambia kama muguu haujavimba basi mikono ni mizima, aje asugue masufuria. Akaja, akasugua. Na Léon, ambaye hakai mahali, alichukua kigoda akaketi karibu naye, akaanza kumuhadithia namna alivyokuwa anapanda kiti akiona mujusi, na namna Bibiche alivyocheka. Miaka yote hiyo hakutaja jina la Bibiche mbele yetu. Elodie alicheka. Niliwasikia kutoka jikoni, nikasema moyoni, leo hawa wawili wameamua kuniachia kazi.

Nilipotoka, sufuria ilikuwa katikati ya magoti yake na kope zake zilikuwa zimeshuka nusu.

"Fungua macho, mvivu weye," nilimwambia. "Usiku ulilala wapi?"

Akasema, "Mama, macho yanakataa." Ulimi ulikuwa muzito. Nilifikiri ananiigizia mulevi, juu alipenda kuigiza watu. Nikamwambia michezo hiyo aipeleke kwa mujomba wake, mimi sina muda, na kama usingizi umemushinda aende kulala aniondokee mbele. Nikarudi jikoni. Kulikuwa na samaki wa kukaanga.

Léon alimubeba, akamulaza kwenye mukeka, kichwa kwenye mapaja yake. Aliponiita, sauti yake haikuwa kubwa. Nilikuta mate yanatiririka kwenye shavu la mutoto, hawezi kumeza, na pumzi inapanda hapa tu, kwenye koo. Alikuwa ananisikia, kidole chake kilisogea nilipomwita. Nililia tupate mutumbwi. Tulimubeba mpaka majini, muto ulikuwa mupana kama usio na ng'ambo, mupiga kasia alisukuma kwa nguvu zake zote, na hatukufika katikati. Alikufa mikononi mwangu bila kufungua macho. Tulifika ng'ambo, Jérôme alitukuta kwenye bandari, akamushika shingo, akavua kofia yake.

Watu wakasema Léon amekosea. Walisema kwa furaha, wale aliosimama juu ya kuni zao. Abdoul alishuka kutoka Kalima, ameshika nondo, anataka kumuvunja, na ni mimi nilisimama mulangoni kwa yaya. Nilimwambia bwana yangu kwamba nyoka huyo aliletwa na muto, hakuna aliyemujua, na hata mwenye kujua anakosea mara moja katika maisha yake. Nilikula kiapo mbele ya jamaa yote. Kisha nikawa ninamupelekea Léon chakula kila siku, kwa sababu aliacha kupika, aliacha baiskeli, walipokuja kumuita kwa nyoka hakufungua. Alikonda. Nilimuonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. Kila siku nilimwambia neno moja: yaya, kula, ulikosea tu, muntu anakosea.

Nilimwambia hivyo miezi minne. Siku moja alisukuma sahani.

"Germaine, usiniambie tena nilikosea," alisema. "Sikukosea."

Sikuelewa. Akanieleza akitazama sahani. Meno yalikuwa mafupi, ya mbele, yamesimama. Alijua mara alipofungua kinywa. Jumatatu ile alikuwa amevuka, na Jérôme alimufungulia frigo akamuonyesha, haikuwa na kitu, na ndege ilikuwa haijulikani itakuja lini. Pale chini ya upenu alihesabu kila njia. Kindu yote hakukuwa na serumu, na barabara ya Lubutu maji yalikuwa yameikata.

"Bibiche aliitumia asubuhi yake yote ya mwisho kunitazama usoni," alisema. "Sikutaka Elodie anitazame vile, wala weye. Nilitaka mupate masaa mawili ya kawaida."

Nilivuka siku hiyohiyo, nikamuuliza Jérôme, nikamushika kanzu: kama tungekuja mara moja, ungefanya nini? Akasema angefanya hivi, na akanishika mukono, akaushikilia. Hakuwa na kitu kingine. Kwa hiyo yaya hakumuua mutoto wangu. Hilo ninalisema kwa kila muntu, na ni kweli.

Lakini nilirudi kwa Léon. Kosa lake nilikuwa nimelisamehe, hili sikujua nilifanyie nini. Nilimwambia ile siku simu ilikuwa inashika, Kalima ilikuwa inapatikana, Abdoul angesikia sauti ya binti yake ulimi wake ukiwa bado mwepesi. Nilimwambia ningeacha samaki waungue. Ningemuketisha kwenye mapaja yangu mimi, ningemwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia, juu nilifikiri yataeleweka yenyewe akikua. Aliitikia kila neno, kichwa chini.

"Ulikuwa umeketi pale," nilimwambia. "Uliona nikimupa masufuria. Ulinisikia nikimwita mvivu. Kwa nini hukunizuia?"

Akasema, "Ningekuzuia, ungejua."

Niliokota sahani. Nilimwambia, "Ulitupa masaa mawili ya kawaida, yaya. Mimi na Elodie, kawaida yetu ilikuwa kumugombeza." Kisha nikaenda nyumbani.